Shajara ya kituo cha Shangani, Mtwara: kutoka mota hadi dema

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Nimepanda juu ya paa alfajiri, bati likiwa bado la baridi. Mota ya kugeuzia antena imegoma. Umeme unafika, inanguruma, lakini mkono hautikisiki. Fundi alipofungua kifuniko ukamwagika unga mwekundu kama pilipili ya kusaga. Hiyo ni miaka mitatu ya kusi na chumvi ya bahari. Boliti mbili zimekatikia kwenye spana, na ya tatu imeshikana na nati yake kiasi kwamba huwezi kusema ipi ni ipi.

"Njomba, hii tuizike," akasema Fundi.

Ingekuwa ni mota peke yake tungeihangaikia. Tatizo ni kwamba hata ikipona haina tena cha kufuata. Kituo hiki tulikijenga kwa ajili ya satelaiti tatu za hali ya hewa za Marekani, zile zilizokuwa zinamwaga picha za mawingu kwa yeyote mwenye antena. NOAA-18 ilizimwa tarehe 6 Juni mwaka huu. NOAA-19 ikafuata tarehe 13 Agosti. Siku sita baadaye ikazimwa NOAA-15, bibi kizee aliyerushwa mwaka 1998. Antena yetu ilikatwa kwa vipimo vyao, mota ilipangwa kwa njia zao, na programu yetu ilikuwa inajua mlio wa aina moja tu, ule wa *tiki-toki, tiki-toki* wa picha za analogi, mistari miwili kwa sekunde. Walipozimwa wao, na sisi tukawa viziwi.

Kwa hiyo tunaanza upya. Tuko wanne: mimi ninayefundisha umeme, Fundi wa madishi kutoka Chikongola, kijana mmoja mwanafunzi anayeandika programu, na Mzee, mvuvi ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akija kuangalia mawingu kabla ya kuamua kama vijana wake watoke au wasitoke. Mzee hachangii fedha. Huchangia samaki na maswali.

Jumapili, 14 Septemba

Swali la Mzee la juzi limenikosesha usingizi. Alikuwa ameshika ile boliti yenye kutu, akaniuliza: "Mwalimu, hao wenye majeshi makubwa, satelaiti zao za vita, nao mota zao zinaliwa na chumvi hivi?"

Nikacheka. Halafu nimekaa jioni mbili kusoma, na jibu ni kwamba ndiyo, zinaliwa. Tena wana kituo kwenye bahari hiihii yetu.

Satelaiti ya jeshi, iwe ya mawasiliano, ya kutambua makombora au ya kuongoza njia, haijiendeshi. Kila siku lazima mtu aliye ardhini aiulize hali yake: betri ikoje, joto likoje, imeelekea wapi. Kisha aitumie amri. Marekani kazi hiyo inafanywa na mtandao mmoja mkubwa unaotumiwa na satelaiti za taasisi nyingi. Antena zake ni 19, zimegawanywa sehemu saba: California, New Hampshire, Hawaii, Guam, Greenland, Oakhanger kule Uingereza, na Diego Garcia. Hiyo ya mwisho iko mashariki yetu, takriban kilomita 3,500 kutoka hapa Mtwara. Matlai inayopiga uso wa Mzee alfajiri ni ya bahari inayopiga yale madishi.

Mtandao wenyewe ulianza mwaka 1959, enzi za satelaiti za kijasusi za Corona, ambazo zilikuwa zinapiga picha kwenye filamu halisi na kuirudisha duniani kwa parachuti. Tangu hapo wamekuwa wakiongeza, wakibandika, wakibadilisha kipande hiki na kile, lakini umbo limebaki lilelile: dishi kubwa, mota kubwa, satelaiti moja kwa wakati mmoja.

Nilipomweleza Mzee habari ya Diego Garcia, akaniambia yeye alipokuwa mtoto walisikia habari za "mitambo ya Wamarekani" Unguja. Hakukosea. Pale Tunguu, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kulikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, vya aina iliyombeba mwanaanga John Glenn mwaka 1962. Hicho kilikuwa cha raia, si cha jeshi, na kilifungwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Cha jeshi kilikuwa Shelisheli, kisiwani Mahé, kikafanya kazi tangu 1963 hadi 1996. Kwa hiyo pwani hii na visiwa vyake si mgeni kwenye biashara hii. Sisi ndio tulikuwa wageni wa kuijua.

Niweke hili mapema ili nisiulizwe tena: sisi tunapokea tu, na tunapokea kile ambacho kinatangazwa kwa watu wote. Kurusha mawimbi ni habari nyingine na kunataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mawasiliano ya jeshi hatuyagusi, na hata tungetaka, yamefungwa kwa siri. Ninachofanya ni kuangalia wakubwa wanatatuaje tatizo ambalo, kwa udogo wake, ni letu pia.

Jumamosi, 20 Septemba

Tumenunua bomba la shaba la robo inchi kwa fundi wa friji na AC. Alidhani tunatengeneza mtambo wa gongo. Ilibidi kijana amwonyeshe mchoro kwenye simu.

Antena mpya haigeuki. Ni mizingo miwili ya shaba iliyosokotwa nusu mzunguko, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake, imekaa wima juu ya bomba la plastiki. Inaiona anga nzima kwa mkupuo, kutoka Msimbati hadi Mikindani. Haina nguvu ya kukusanya mawimbi kama ile ya zamani, lakini pia haina mota ya kuliwa na kutu. Majirani wameshaipa jina: dema. Kweli, ukiitazama kutoka barabarani utasema kuna mvuvi kaanika mtego wake juu ya paa.

Jumamosi, 27 Septemba

Zege limemwagwa, nguzo imesimama. Kazi ya saa mbili, soga ya saa nne. Ming'oko ya kuchemsha kutoka kwa mama mwenye nyumba.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo ni foleni, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha mambo yote haya.

Satelaiti ya chini, ya kilomita mia nane hivi kwenda juu, ikipita kwenye anga yako unayo dakika kama 15 kutoka upeo hadi upeo, tena ikiwa imepita utosini. Ikipita pembeni ni dakika tano, saba. Ukiwa na antena moja inayogeuka na satelaiti mbili zikaja pamoja, unachagua mmoja na kumwacha mwenzake. Kwetu ilikuwa ikitokea mara mbili tatu kwa wiki, na kijana alikuwa akiamua kwa kurusha shilingi.

Kwa jeshi haiamuliwi kwa shilingi. Kuna ofisi nzima ya kupanga nani aongee na dishi lipi saa ngapi, na satelaiti yenye dharura humsukuma mwenye miadi. Zamani satelaiti zilikuwa chache na kubwa, foleni ikavumilika. Siku hizi zinarushwa kwa makumi. Madishi hayaongezeki kwa kasi hiyo, na likilala moja kwa matengenezo, mzigo wake unaangukia kwa mengine ambayo nayo ni wazee.

Njia wanayoikimbilia ni antena isiyogeuka. Unachukua antena ndogondogo nyingi, mamia au maelfu, unazipanga ubaoni, kisha badala ya kugeuza ubao unachelewesha mawimbi ya kila moja kwa kipimo chake. Nilikuwa natafuta namna ya kumweleza Mzee, akanitangulia: "Kama kuvuta juya."

Ni hivyohivyo. Watu wamejipanga ufukweni, wote wanavuta kamba kwa mpigo mmoja, wavu unakuja moja kwa moja. Upande wa kulia ukichelewa nukta moja, wavu unapinda. Hakuna aliyehama mahali pake, lakini mwelekeo umebadilika. Na kwa kuwa kuchelewesha kwenyewe ni kazi ya umeme, ubao mmoja unaweza kupinda pande mbili tatu kwa wakati mmoja, ukaongea na satelaiti kadhaa bila foleni. Mwaka 2022 kampuni ya BlueHalo ilipewa mkataba wa takriban dola bilioni 1.4 kuwatengenezea Wamarekani antena za namna hiyo, za kuhamishika.

Kijana, macho yakamtoka: na sisi tutengeneze! Nikampa kalamu apige hesabu. Antena hizo zinatakiwa zikae umbali wa nusu wimbi kutoka moja hadi nyingine. Kwenye masafa ya amri za jeshi, gigahezi 1.8 hivi, nusu wimbi ni sentimita nane. Nane kwa nane, antena 64, ubao wote ni kama meza ya chai. Kwenye masafa yetu ya megahezi 137.9, nusu wimbi ni mita 1.09. Nane kwa nane ni karibu mita tisa kila upande. Fundi akaniuliza kama nataka kuezeka nyumba nyingine.

Na ubao wenyewe una kasoro zake, ingawa wauzaji hawapendi kuzisema kwa sauti. Ukipinda mwelekeo nyuzi 60 kutoka wima, nguvu inashuka kama nusu, kwa sababu ukiutazama ubao kwa ubavu unaonekana mwembamba. Ndiyo maana huwezi kulaza ubao mmoja chini ukasema basi, nimeona anga yote hadi upeo. Unahitaji nyuso kadhaa. Tena mota imeondoka lakini umeme unaokula hauchekeshi, na joto lake lazima lipozwe. Kwa mazingira ya huku, feni ya kupozea nayo ni mota, na chumvi haibagui.

Jumamosi, 18 Oktoba

Dema limefungwa, kipokezi kimewashwa, tunasikia bongofleva.

Si utani. Mnara wa redio ya FM hauko mbali, na mawimbi yake yana nguvu mara elfu kadhaa kuliko mnong'ono wa satelaiti. Kipokezi chetu ni kile kidude cha USB cha bei ya chee, hakina mlango wa kuchagua nani aingie. FM inajaza chumba, satelaiti inabaki barazani.

Tumeweka kichujio kinachozuia megahezi 88 hadi 108, na baada yake kikuza mawimbi. Mpangilio huo una maana: ukianza na kikuza utakuwa umeikuza kelele kwanza. Fundi alikuwa ameviweka kinyume, nami nilikuwa nimemwambia hivyo, kwa hiyo lawama ni yangu.

Wenzetu wenye madishi ya kijeshi nao wamekutana na majirani wenye kelele. Mnada wa masafa uliomalizika Januari 2015 Marekani uliwapa makampuni ya simu kipande cha megahezi 1755 hadi 1780, ndani kabisa ya masafa ambayo jeshi hutumia kupeleka amri kwa satelaiti. Tangu hapo ni kuishi nyumba moja: simu zisisumbuliwe na dishi, dishi lisibanwe na simu. Kusogeza antena zilizo ardhini kwenda masafa mengine unaweza. Satelaiti iliyokwisha kurushwa na kipokezi cha masafa ya zamani utaisogezaje? Itabidi uisubiri ife.

Jumanne, 4 Novemba

Wiki iliyopita, siku za uchaguzi, intaneti haikuwepo nchi nzima. Niliingiwa na wasiwasi ambao sikuutegemea. Kituo chetu kinajua satelaiti iko wapi kwa kupakua kila siku mistari miwili ya tarakimu inayoeleza njia yake. Bila intaneti, tarakimu zilikuwa za siku kadhaa nyuma. Kwa antena ya zamani yenye jicho jembamba hilo lingesumbua zaidi. Dema halikujali, kwa kuwa linaangalia kote. Ilichokosea programu ni sekunde chache za kuanza kurekodi, nasi tulikuwa tumeipa dakika mbili za ziada kila upande.

Hata hivyo nimepata somo kuhusu ni wapi kituo kinapoanza na kinapoishia. Tunasema kituo, tunafikiria antena. Lakini ndani yake mna intaneti, mna umeme, mna kompyuta, mna nywila.

Mfano ninaowapa wanafunzi ni wa tarehe 24 Februari 2022, asubuhi Urusi ilipoivamia Ukraine. Satelaiti ya mawasiliano ya KA-SAT, mali ya Viasat, ilikuwa ikitumiwa pia na jeshi la Ukraine. Hakuna aliyeirushia kombora. Washambuliaji waliingia kwenye mtandao wa usimamizi ulio ardhini, wakatuma amri iliyofuta kumbukumbu za modemu za wateja, makumi ya maelfu, Ukraine na kwingineko Ulaya. Ujerumani, mitambo 5,800 ya upepo ya kuzalisha umeme ikawa haiwezi kuangaliwa kwa mbali, ingawa haikuwa na uhusiano wowote na vita. Na satelaiti? Ilikuwa nzima, juu kabisa, inasubiri wa kuongea naye.

Nilimaliza kueleza hayo, kijana akanyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba nywila ya kompyuta ya kituo chetu ni jina la mtaa na 123. Tumeibadilisha usiku huohuo.

Jumapili, 16 Novemba

Picha! Ya kwanza kamili.

Imetoka kwa Meteor-M N2-4, satelaiti ya hali ya hewa ya Urusi iliyorushwa Februari 2024. Hii haipigi tiki-toki. Masikioni ni mvumo mtupu, kama mvua juu ya makuti, kwa sababu ni dijitali. Kwenye skrini unaona vidoti vinavyorukaruka ovyo kama wali unaochemka, halafu mara vinajikusanya kwenye mafungu manne, na hapo unajua programu imeshika. Kijana alipiga yowe hadi mbwa wa jirani wakajibu.

Tumeshika dakika kumi na moja. Picha ilijijenga mstari kwa mstari kutoka juu: Ziwa Nyasa kama ufa mweusi, kisha pwani yetu, kisha mdomo wa Ruvuma, kisha mawingu yaliyojipanga juu ya mlango wa Msumbiji. Kila nukta ya picha ni kama kilomita moja ya ardhi. Mzee aliweka kidole juu ya kioo, akaacha alama ya mafuta ya samaki, akauliza yale mawingu yanaenda wapi. Nikamwambia picha moja haisemi. Leta ya jana na ya leo, hapo ndipo utajua.

Hakuniuliza kwa udadisi tu. Huku tunakumbuka Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuja na watu wa Mtwara na Lindi wakaambiwa wahame mabondeni, kisha kikaangukia Cabo Delgado kule Msumbiji. Tunakumbuka kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilichokata barabara ya Lindi na kutuacha kisiwani bila bahari. Tahadhari rasmi inatoka Mamlaka ya Hali ya Hewa na hiyo ndiyo ya kufuata. Lakini Mzee anasema mtu anayeona wingu lenyewe hukubali haraka kuliko aliyesomewa.

Jumapili, 23 Novemba

Kazi ya leo imekuwa ya kutenganisha. Nilitaka nisirudi tena mahali nilipokuwa Septemba, ambapo kimoja kikifa vyote vinakufa.

Zamani waya ulitoka kwenye antena, ukashuka mita 25 hadi chumbani, ukaingia kwenye kipokezi kilichofungwa na programu moja. Zaidi ya nusu ya nguvu ya mawimbi ilikuwa inaishia njiani ndani ya ule waya. Sasa kipokezi kipo juu, chini ya dema, pamoja na kompyuta ndogo ya ukubwa wa pakiti ya karata. Mawimbi yanageuzwa kuwa tarakimu palepale na kinachoshuka chumbani ni waya wa mtandao wa kawaida. Chumbani kompyuta yoyote, programu yoyote, inaweza kuzichukua tarakimu hizo na kuzisoma kwa namna yake. Satelaiti ikibadilika, tunabadilisha programu. Dema likianguka, programu haijui.

Jua la Mtwara lilitaka kukipika kipokezi ndani ya boksi lake. Fundi amekata ndoo nyeupe ya rangi, akaigeuza juu chini kama kofia, akaacha nafasi ya hewa kupita. Joto limeshuka. Hiyo ndoo ndiyo kifaa pekee cha mradi huu kilichofanya kazi mara ya kwanza.

Wakubwa wanaelekea kulekule. Kwao kila satelaiti ilikuja na jiko lake: mitambo yake, kompyuta zake, wataalamu wake, wasioweza kupika kwa jirani. Sasa kuna kiwango kilicho wazi, DIFI, kilichoanza 2021, cha kusafirisha mawimbi yaliyogeuzwa tarakimu ili antena ya kampuni hii iongee na modemu ya kampuni ile. Wazo ni lilelile la ndoo yetu, bila ndoo.

Ila kuhama kwao ni kuchungu, na mfano ninaoujua vizuri ni wa GPS. Watu husahau kwamba GPS ni ya jeshi la Marekani. Vijana wa Mzee wana vifaa vidogo vya GPS vya kurudia kwenye mwamba wenye changu. Kila wanapovitumia, wanategemea mtu kule Colorado aliyepandisha marekebisho ya saa kwenye satelaiti. Saa ikikosea sehemu moja ya bilioni ya sekunde, umbali unakosea sentimita 30. Mfumo mpya wa ardhini wa kuendesha satelaiti hizo, OCX, mkataba wake na Raytheon ulisainiwa mwaka 2010. Jeshi limeupokea Julai mwaka huu. Katikati hapo satelaiti mpya za kizazi cha tatu zilianza kurushwa, Desemba 2018, na mfumo wa kuziendesha haujafika. Ikabidi mfumo wa zamani utiwe kiraka ili uzishike.

Miaka 15. Fundi alisikia, akacheka, akasema angekuwa yeye angeshanyang'anywa kazi na kurudisha advansi. Nami nilitaka kucheka naye lakini sikuweza. Sisi tulizima kituo miezi miwili, tukabomoa, tukajenga, na hakuna aliyeumia isipokuwa Mzee aliyekosa mawingu yake. Wao hawawezi kuzima hata saa moja. Wanakalafati jahazi likiwa baharini, limejaa abiria, na abiria wenyewe ni pamoja na vijana wa huku waliotoka kutafuta changu.

Jumamosi, 6 Desemba

Jaribio nililokuwa nalisubiri.

Tumegawanya waya wa dema mara mbili na kuongeza kipokezi cha pili. Cha kwanza kinasikiliza Meteor kwenye 137.9. Cha pili tumekipeleka 145.825, ambako kituo cha anga za juu cha kimataifa kinarudisha pakiti fupi, yaani jumbe za dijitali, za redio ya ridhaa. Dema halikukatwa kwa masafa hayo, lakini kituo kile kiko chini, kilomita mia nne na ushee, na sauti yake si haba. Kijana alipekua ratiba akapata mapito mawili yanayokwenda pamoja kwa dakika nne.

Tumekaa chumbani na feni na chai. Meteor ikaanza kusini, vidoti vikachemka, vikakusanyika. Dakika ya sita dirisha la pili likaonyesha mstari mwembamba uliopinda, mawimbi yakishuka taratibu kwa kadiri kituo kinavyotupita, kama honi ya basi inavyobadilika likikupita stendi. Kisha herufi: jina la kituo chenyewe. Kisha pakiti mbili nyingine, moja ikiwa nusu. Na wakati wote huo picha ya mawingu inaendelea kujijenga upande wa pili bila kukatika. Satelaiti mbili, antena moja, hakuna aliyesubiri foleni. Hakuna shilingi iliyorushwa.

Kugawanya waya kumetupunguzia nguvu, na mistari ya mwisho ya picha imejaa chengachenga. Kigawanyio bora kitasubiri mwezi wa kwanza. Boliti zote nimebadilisha ziwe za chuma kisichoshika kutu, zimenigharimu kuliko kipokezi.

Ile mota ya zamani haikuzikwa. Fundi aliiloweka wiki nzima kwenye dizeli, akaibadilishia beringi, na leo amekuja kuniaga nayo chini ya kwapa. Ameunda mashine ya kutotoleshea vifaranga na anahitaji kitu cha kupindua mayai, polepole, kila saa chache, huku na huku. Nimemuuliza kama haitaganda tena. Amesema ndani ya boksi hakuna kusi.